Soksi za Gisubizo

Kilima kizima cha Burungu kilikijua kidole gumba cha Kayitesi. Tangu akina mama wafundishwe kwenye kituo cha afya, hakuna mtoto aliyepita mbele yake hivi hivi. Anamkalisha, anambonyeza juu ya mguu, anahesabu polepole hadi tatu, anaachia. Kishimo kikibaki, mwili umejaa maji, na mtoto ana bwaki, ule utapiamlo wa kuvimba mwili, hata akionekana mnono. "Mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia wenzake shambani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa. Wengine walimkimbia kama mtoza ushuru. Lakini walijifunza.

Ila mganga hajigangi. Mwanawe Gisubizo alikuwa ameachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba mpya, na tangu vita viwafukuze kwenye shamba la maharagwe, walikula bugali mtupu. Mashavu ya mtoto yakaanza kujaa. Mama mkwe, Mukandayisenga, alifurahi kupita kiasi.

"Muone namna mujukuu wangu ananona!" aliwaambia majirani.

Kayitesi alitabasamu, macho yake yakiwa kwenye miguu ya mtoto. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa bwaki kabla yeye hajajua hata namna ya kuitambua, na kilimani walisema mama ndiye aliyemuua kwa kubeba mimba haraka. Angeyabeba vipi maneno hayo mara ya pili? Akamvalisha Gisubizo soksi za sufu. Baridi ya Masisi inajulikana, hakuna aliyeuliza. Kila asubuhi alizivuta hadi magotini akiangalia pembeni, kisha akaenda kubonyeza watoto wa wenzake.

Jumapili moja, baada ya ibada, wifi yake Umugwaneza alikuja kuwasalimu. Huyu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Alimpakata Gisubizo, akamtania, akamtekenya. Mtoto hakucheka. Mkono wa shangazi ukashuka kwenye soksi.

"Wifi, acha! Baridi iko mingi," Kayitesi alisema, akiivuta soksi juu.

"Si njo wewe ulinifundisha?"

Soksi ikatoka. Kidole kikabonyeza. Kishimo kikabaki pale, kama alama ya kidole kwenye bugali. Gisubizo hakulia hata kidogo, na kimya hicho kilimtisha mama yake kuliko kilio chochote.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliinama, akabonyeza mguu wa pili kwa kidole chake mwenyewe, yeye aliyeyacheka mafunzo hayo siku zote. Akangoja. Uso wake ukabadilika.

"Haiko manono, Mama, ni maji," Umugwaneza alisema. "Tumupeleke leo. Kesho pengine njia itafungwa."

Ni kweli, tangu asubuhi risasi zilikuwa zikisikika upande wa Kitshanga.

Mukandayisenga alimgeukia mkamwana wake. Kayitesi alikaza moyo, akingoja matusi.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu siku nilimuvalisha soksi, Mama."

Mama mkwe alichukua kitenge, akamfunga mtoto mgongoni, miguu yake wazi, akatangulia kwenye njia ya kituo cha afya wakati risasi zinalia tena. Kayitesi alimfuata, soksi mkononi, akimwomba Mungu wasiwe wamechelewa.