Sindano na Gari Lililokatwa Pumzi

Kabla watu wa majukwaani hawajambatiza jina la Sindano, alikuwa dereva wa gari la kuvuta magari mabovu. Gereji ilikuwa ya baba yake, na kila penye mashindano yeye ndiye aliyetumwa kwenye njia ya mbio kuburura magari yaliyogonga ukuta au kuunguza injini. Hakufundishwa na mtu. Aliinama tu kwenye lami, akatazama alama za matairi, akajua dereva alikanyaga breki mapema, au alichelewa, au alishikwa na woga akakanyaga mara mbili.

Siku moja mwenye timu, bwana mnene wa sauti nyembamba, alimwona akilipitisha lile gari la kuvuta katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa vibaya, bila kupunguza mwendo na bila kugusa kitu.

"Wewe binti," akamwita, "ukipewa gari lisilo na mzigo nyuma utafanyaje?"

"Nitafika mapema."

Yule bwana akacheka mpaka kitambi kikamtikisika. Baada ya siku chache alimvalisha ovaroli iliyompwaya mabegani.

Msimu wa kwanza alikuwa wa mwisho karibu kila mara, na wenzake wakamwonea huruma, jambo lililomuudhi kuliko matusi. Msimu wa pili huruma iliwaisha. Palipokuwa na upenyo wa kupita paka, yeye alipitisha gari, ndipo lile jina likamganda. Fundi wake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mtu mkimya aliyefuta kila spana kabla ya kuirudisha mahali pake. Sindano alizoea kusema, "Mimi naendesha tu. Gari ni la shemeji."

Ikaja siku ya mvua. Kwenye kona ya mwisho gari lilimteleza, likazunguka kama pia, likabamiza ukuta ubavu wa kushoto. Alizinduka hospitalini, kichwa kizito kama gunia la chumvi. Alikaa nje ya mbio mpaka nywele walizomnyoa zikaota tena. Daktari wa timu alimsomesha herufi za ukutani, akazisoma zote, mpaka zile za mstari wa chini. Akapewa ruhusa, akarudi kwenye usukani, na hapo ndipo mashaka yake yalipoanza.

Gari halikuwa na pumzi. Kwenye kona lilikuwa lilelile, tiifu, lakini kwenye sehemu iliyonyooka, pale anapokandamiza mafuta mpaka mwisho, lilivuta kidogo kisha likatulia, kama mtu anayetaka kusema neno akalimeza. Mbayuwayu, dereva mwenzake wa timu, kijana wa maneno matamu na meno yaliyopangika, alimpita kila mara palepale, akimpungia mkono.

"Shemeji, gari lina nini?" Sindano aliuliza.

"Halina kitu."

"Halivuti."

"Labda upepo," fundi akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa alichokuwa akifutia mikono.

Upepo! Bendera zilikuwa zimelala kwenye milingoti. Tangu siku hiyo macho ya Sindano hayakutulia. Akaona kwamba akiingia karakana mazungumzo yanakatika. Akaona fundi akilifunga boneti haraka kuliko zamani. Akamwona Mbayuwayu akimshika fundi bega na kumnong'oneza, wote wawili wakitazama gari lake. Jambo lililomchoma zaidi ni kumkuta dada yake akitoka karakana kwa mlango wa nyuma, yeye ambaye miaka yote alisema harufu ya petroli inamtia kichefuchefu.

"Dada, umekuja kufanya nini huku?"

"Nimemletea mume wangu chakula."

"Kiko wapi chombo?"

Dada akatazama mikono yake mitupu. "Nimekiacha ndani," akasema, akaenda zake akiharakisha.

Sindano aliingia ndani, akatafuta. Hakuona sahani wala bakuli.

Basi mtu akishaanza kushuku, hata kikohozi huwa ni ishara. Akaacha kunywa chai ya karakana. Akanusa chupa yake ya maji kabla ya kila mbio. Akamwondoa msichana wa usafi aliyemzoea, eti anafagia karibu mno na gari. Usiku kitanda kilimkataa. Hakulala kwa kupanga watu katika kichwa chake: nani anapata nini nikishindwa? Kila alipopanga, Mbayuwayu alikaa juu, na shemeji akakaa kando yake. Lakini dada? Dada angepata nini? Jibu hakulipata, akajiambia kikulacho ki nguoni mwako, wala hakitoi taarifa.

Mwishowe akaamua kujaribu. Siku ya mazoezi alimfuata Mbayuwayu mbele ya mwenye timu, ili asipate pa kuponyokea.

"Leo tubadilishane magari."

Mbayuwayu aliangua kicheko, kisha kicheko kikamkauka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Mwenye timu akasema hakuna ubaya. Fundi, aliyekuwa amepiga magoti kwenye tairi, aliinuka ghafla. "Kwanza nilikague lake," akasema, akielekea kwenye gari la Sindano.

"Usiliguse, shemeji."

Hakupaza sauti, lakini fundi alirudi nyuma hatua moja.

Gari la Mbayuwayu lilipaa. Pale kwenye sehemu iliyonyooka lilimsukuma mgongo kwenye kiti mpaka akacheka peke yake ndani ya kofia, kicheko chenye machozi. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye gari lake, akafungua mlango, akalala kifudifudi sakafuni, akapapasa. Chini ya pedali ya mafuta vidole vyake vikakuta bolti fupi, imefungwa kiufundi, imepakwa rangi nyeusi isionekane. Pedali ilikuwa ikigota pale kabla ya kufika mwisho.

Alimngoja fundi mpaka wengine walipokwenda kula.

"Nani kakutuma? Mbayuwayu?"

"Hapana."

"Usinifanye mtoto, shemeji."

Fundi akakaa juu ya tairi kuukuu. "Dada yako," akasema. "Alinililia. Alisema akikuzika wewe, na mimi nimzike yeye."

"Na wewe ukakubali kunifanya kichekesho?"

"Njoo utazame." Akampeleka ubavu wa kushoto wa gari. Rangi ilikuwa imechubuka kuanzia taa ya mbele hadi tairi la nyuma, michubuko mipya juu ya michubuko ya zamani. "Kila ukirudi, ni upande huu. Kulia hakuna hata mkwaruzo. Kioo cha kushoto nimekibadilisha mara ngapi sijui. Wewe wa kupita kwenye tundu la sindano, tangu lini unakwangua kuta? Tangu hospitali, shemeji. Huoni kushoto."

"Nilisoma herufi zote!"

"Herufi ziko mbele yako."

Sindano alimwita mwongo, na maneno mengine aliyomwita si ya kusimuliwa. Lakini kesho yake alikwenda kwa daktari wa macho asiyejuana na mtu yeyote wa timu. Daktari alimkalisha mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, akamwambia atazame nukta ya katikati na abonyeze kitufe kila aonapo mwanga mdogo. Akabonyeza, akabonyeza, kisha kukawa kimya kirefu.

"Mtambo umeharibika," Sindano akasema.

"Haujaharibika," daktari akamjibu kwa upole. "Taa zinawaka upande wa kushoto sasa hivi."

Akamweleza kwamba pigo la kichwa lilikuwa limemla kipande cha kuona, na ubongo ukakiziba kile kipande kwa kubahatisha, mwenyewe asijue.

Ndivyo ilivyokwisha kazi yake ya udereva wa mbio. Leseni aliirudisha mwenyewe, kabla hajaombwa. Watu walimsifu kwa ujasiri, akapewa maua, na Mbayuwayu akatoa hotuba nzuri kuliko zote. Juma hilohilo fundi akahamishiwa kwenye gari la Mbayuwayu, na mwisho wa msimu Mbayuwayu akachukua kikombe.

Hapo mashaka yakanyanyua kichwa tena. Akamwendea dada yake jikoni.

"Wazo la bolti lilikuwa la nani?"

"La mume wangu," dada akajibu upesi. "Mimi bolti nazijulia wapi? Nilimwambia tu sitaki ufe."

"Mumeo anasema ni lako."

Dada akaendelea kumenya viazi. "Mdogo wangu, uko hai. Unataka nini tena?"

Alitaka kujua. Kama walikuwa wanamhurumia, kwa nini hawakumwambia aende kwa daktari? Na kile chombo cha chakula, kilikuwa wapi? Wakati mwingine aliamini wamemwokoa, wakati mwingine aliona wamemwokoa na kumuuza kwa mkono mmoja. Aliendelea kwenda kwa dada yake, akala, akacheka na watoto, lakini mambo ya moyoni hakumwambia tena.

Wasimamizi wa mashindano ndio walioona faida ya tabia yake, wakampa kazi ya ukaguzi wa magari kabla ya mbio. Haikuhitaji mtu wa kuona kushoto, ilihitaji mtu asiyeamini. Anatazama kwa tochi, anapapasa, anagonga, anageuza kichwa mpaka upande wake uliokufa upate zamu. Mafundi wanamwogopa kuliko ajali.

Juzi shemeji yake alileta gari la Mbayuwayu kukaguliwa. Mengine alikuwa ameyamaliza upesi. Hili alilizunguka, akaingia chini, akatoka, akaingia tena. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Shemeji," fundi akasema taratibu, "umemaliza?"

"Bado," Sindano akajibu kutoka uvunguni.

Fundi akaokota kitambaa, akaanza kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi, akangoja.