Mama Pacha Anazitafuta Sekunde Arobaini

Saa tatu kasorobo asubuhi, na Mama Pacha ameshainuka kitini mara nne. Anaketi, anaandika amri moja kwenye dirisha jeusi la kompyuta, anatazama mistari ikishuka, anainuka tena. Goti lake halitulii.

"Nikikaa sana nasinzia," anasema. "Nina wawili wa miezi kumi na mmoja. Mmoja akilala, mwenzake anaingia zamu."

Ana miaka thelathini na moja, na ndiye fundi pekee wa kompyuta katika maabara hii ya hospitali. Seva, yaani kompyuta kuu iliyo chini ya meza yake, inahudumia kompyuta tisa. Kwa wiki tatu sasa, foleni ya wagonjwa ikirefuka, zote tisa zinaganda kwa pamoja. Sekunde arobaini, siku nyingine zaidi. Kisha zinaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Lawama zimemwangukia karani wa mapokezi, mama wa miaka hamsini na sita ambaye kila mtu humwita Shangazi. Akiwa zamu, mashine zinaganda. Akienda kupumzika, zinatulia. Mkuu wa maabara ameshaandika barua: kuanzia kesho, Shangazi anahamia stoo ya mafaili.

"Eti nina vidole vizito," anasema Shangazi huku akibandika lebo kwenye chupa ya damu. "Miaka kumi na tisa vilikuwa vyepesi, vimenenepa mwezi huu?"

Mama Pacha hakuridhika na maelezo hayo. Ndiyo maana ameligeukia dirisha jeusi, lenye chombo kinachofuatilia kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta nzima.

"Programu haiigusi diski ya seva yenyewe," anaeleza. "Inakiomba kiini, nacho kinagawa zamu. Mimi ni kama nimekaa mlangoni. Naandika nani kaingia, kaomba nini, kasubiri muda gani."

Jumatatu alikosea. Aliwasha ufuatiliaji wa kila kitu, na rekodi zikawa zinaandikwa kwenye diski ileile aliyokuwa akiichunguza. Kila mstari ulioandikwa ulizaa mistari mingine. Maabara ilisimama dakika ishirini na tano.

"Nilikuwa najipeleleza mwenyewe," anasema, akicheka kidogo. "Mkuu alinitazama tu. Afadhali angefoka."

Sasa rekodi zinakwenda kwenye kompyuta nyingine, na swali ni moja tu: nani anaisubiri diski zaidi ya sekunde moja, na anamsubiri nani?

Saa tatu na dakika ishirini, foleni imefika ngazini. Mashine zinaganda. Mtu anaguna, mwingine anagonga meza. Mistari inaporomoka kwenye dirisha jeusi, na kwa mara ya kwanza leo Mama Pacha hainuki.

Jina moja linajirudia: programu ya kuchapa lebo. Kila lebo inapotoka, inakilazimisha kiini kiandike kwanza kwenye diski kazi zote zilizokuwa zikingoja, za kompyuta zote tisa. Lebo moja moja, hakuna anayehisi. Lakini katika robo saa Shangazi amechapa hamsini na mbili. Mwenzake anayempokea zamu huchapa kumi na tisa.

"Si vizito," anasema Mama Pacha taratibu. "Ni vyepesi mno. Hakuna mwingine anayechapa haraka kiasi cha kuigandisha seva."

Halafu anaitazama tarehe iliyo kando ya jina hilo. Programu hiyo ya lebo aliibadilisha yeye, wiki tatu zilizopita, akaweka toleo jipya. Hakuna mwingine anayeikumbuka tarehe hiyo.

Simu inaita. Ni mama yake, anayewalea pacha mchana. "Nitakupigia, mama, nina jambo." Anachapa ukurasa wa rekodi, anaandika ile tarehe juu yake kwa kalamu, anakwenda kwa mkuu.

"Kwa hiyo kosa ni lako," mkuu anasema baada ya kusoma.

"Ni langu. Kasi ya Shangazi ndiyo imelifichua."

Mkuu anaipindua karatasi, anaipindua tena. "Rudisha ile ya zamani. Nataka kuona kwa macho yangu."

Saa nne na nusu, toleo la zamani limesharudi, na mkuu amesimama nyuma ya kiti cha Shangazi, bahasha yenye ile barua ya uhamisho mkononi. Shangazi anachapa. Kila baada ya lebo kadhaa anainua mikono, anaiacha hewani, anasubiri mashine igande. Wiki tatu zimemzoesha. Mashine haisubiri naye.

"Piga tu, Shangazi," Mama Pacha ananong'ona.

Foleni inafika mwisho. Mkuu anaichana bahasha vipande viwili, anaitupa kwenye pipa, anaondoka.

Mama Pacha anasema anataka kuandika daftari dogo la amri hizi, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mafundi wanaofanya kazi peke yao kama yeye. Ukurasa wa kwanza utakuwa kosa lake la Jumatatu.

"Na mimi, mwanangu?" anauliza Shangazi. "Hilo dirisha jeusi, mtu wa umri wangu anafundishika?"

"Kesho saa saba, ukipumzika. Njoo na kiti chako."

"Kesho nipo," anajibu Shangazi, na kuvuta lebo nyingine.