Uwanja wa Wasemaji Wawili

Kazi ya kufundisha Stadi za Mawasiliano niliipata katika mwezi uleule ambao mimi mwenyewe nilishindwa kuwasiliana. Nilikuwa nimesimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yangu ya uzamili, na profesa mmoja, mzee mpole asiye na nia mbaya hata kidogo, akavua miwani akaniuliza: "Hoja yako ni nini, binti? Kwa sentensi moja tu."

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu namna watu wanavyopingana katika mikutano ya vijiji vya kwetu Simiyu. Nilianza sentensi ya kwanza, nikaona ina tundu, nikaiacha. Nikaanza ya pili, nikakumbuka mkutano mmoja uliokwenda kinyume chake, nikaiacha nayo. Ya tatu ilianza kwa neno "inategemea" na haikupata mwisho. Baada ya hapo nilisikia feni tu. Jopo lilinipa nafasi moja ya kurudi kabla ya mwaka kwisha. Nikinyamaza tena, shahada ingekuwa basi. Nikarudi nyumbani Kasoli na begi la vitabu, na watu waliponisalimu kwa Kisukuma "Mwangaluka, mayu," nililitafakari jibu la salamu kana kwamba nalo lingesahihishwa.

Bariadi mjini kulikuwa na chuo kilichotafuta mtu wa kushika somo hilo kwa vijana wa stashahada ya mifugo. Niliwaza sana kama ni haki mtu aliyenyamaza afundishe wengine kusema. Hatimaye niliamua kwamba suala la haki lingesubiri. Kwa wakati ule nilihitaji chumba chenye watu, ambamo nisingeruhusiwa kunyamaza.

Insha zao za kwanza zilikuwa na mwanzo mmoja: "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia." Hata iliyohusu kupe ilianza hivyo. Kila moja ilikuwa na faida, ikawa na hasara zilizolingana na faida hizo, kisha hitimisho lililoiomba serikali iliangalie suala hili kwa jicho la pekee. Niliwasahihisha kwa kalamu nyekundu kwa majuma kadhaa bila kubadilisha chochote. Hawakuwa wajinga. Nje ya darasa walibishana kuhusu mpira na mahari kwa ufundi ambao ungemtia wivu wakili. Ila tangu shule ya msingi walikuwa wakimwandikia mtu mmoja tu, msahihishaji, na msahihishaji hana ruhusa ya kuondoka katikati ya insha. Hawakuwa wamewahi kumwona msikilizaji akiwapa mgongo.

Nilipoifikia fikra hiyo niliweka kalamu chini, kwa sababu ilinihusu pia. Tasnifu yangu yote niliwaandikia watu wasioweza kuondoka.

Hapo ndipo nilipokumbuka ngoma. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili hasimu hucheza siku moja, saa moja, kwenye uwanja mmoja. Hakuna mwamuzi. Watazamaji hukimbilia upande unaowavuta, wakichoshwa hurudi upande wa pili, na jioni mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Mama yangu, mtu wa kanisa, hakuniruhusu kwenda. Nilitazama kutoka shambani, mikono ikiwa imejaa pamba, na sikuwaona wachezaji wala manju waliowaongoza kwa nyimbo. Niliona vumbi tu. Vumbi lilipohama kutoka kushoto kwenda kulia, nilijua nani ameanza kushindwa.

Ijumaa iliyofuata niliwatoa darasani, nikawapeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya bwalo, mahali ambapo nyuzi za pamba zilizopeperuka kutoka kwenye malori zilikuwa zimenasa katika ua wa minyaa. Nilichagua wasemaji wawili: kijana wa Mwandoya, mchekeshaji wa darasa, na binti mpole wa Binza. Swali lilikuwa kama mfugaji apunguze mifugo yake. Wangesema kwa pamoja, kila mmoja upande wake, na wengine wote walikuwa huru kutembea.

"Ndugu zangu!" kijana alipaza sauti. "Mungu akikupa ng'ombe mia, wewe ni nani umwambie apunguze?"

Umati wote ukamkimbilia. Binti alibaki akiyaeleza majani kuhusu malisho.

"Madam, huyu katumia dawa ya mvuto!" alilalamika mmoja, huku naye akikimbia.

"Dawa gani, na mimi hata chai sijanywa?" kijana alijibu, wakacheka tena.

Niliusogelea umati wake. "Mmehamia huku. Amewaambia nini?"

"Amesema vizuri, Madam."

"Nimeuliza amesema nini."

"Amesema... ng'ombe," alijibu mmoja, na safari hii wote walicheka isipokuwa kijana wa Mwandoya.

Tukaweka sharti: anayehama lazima akifika amwambie msemaji, kwa sentensi moja, jambo lililomhamisha; akishindwa, arudi alikotoka. Tangu Ijumaa hiyo vumbi lilipungua na usemi ukaongezeka. Kijana aligundua kuwa kichekesho humleta mtu lakini hakimpi cha kubeba. Binti aligundua kuwa ana sauti. Baadaye aliniletea insha iliyoanza hivi: "Baba yangu ana ng'ombe ambao hana maji ya kuwanywesha." Niliisoma nikiwa nimesimama. Haikuwa na sayansi wala teknolojia, na singeweza kuiacha katikati.

Ni yeye aliyeniuliza mbele ya wenzake: "Madam, mbona wewe huingii?"

"Aingie na mimi," kijana alidakia. "Nitamhurumia."

Nilikuwa na sababu nyingi za kukataa, nazo nilikuwa nimeanza kuzipanga. Nikazivunja kwa kukubali haraka. Niliwapa swali la tasnifu yangu, kwamba anayeanza kwa 'nakubaliana na mwenyekiti' mkutanoni ana maana gani, na kijana akachukua upande wa kunipinga.

Nikaanza: "Kwa kiasi fulani, na kwa kuzingatia muktadha wa mkutano wenyewe..."

Walianza kuondoka kabla sijafika kwenye nukta. "Samahani, Madam, narudi sasa hivi," alisema mmoja kwa adabu, akikimbia. Upande wa pili kijana alikuwa akinguruma: "Anayesema 'nakubaliana na mwenyekiti' ni mwoga tu! Mjomba wangu alikubali mkutanoni, akaja kupinga njiani, peke yake, juu ya baiskeli!" Mbele yangu alibaki mtu mmoja, naye alikuwa anafunga kamba za viatu.

Nilisikia tena feni ya siku ya jopo, ingawa tulikuwa nje. Lakini safari hii hakukuwa na mtu wa kuniambia niketi, na kipindi kilikuwa changu mpaka kengele. 'Kwa kiasi fulani' na 'inategemea' zangu zilikuja zikijipanga mlangoni kama kawaida yao; nikaziacha nje. Nikamwambia mwenye kamba za viatu:

"Anayeanza kwa kukubali mkutanoni hajakubali. Anatafuta mahali pa kusimama ili apinge."

Aliinua kichwa. Nikamsimulia mkutano mmoja nilioushuhudia, ambapo mwenyekiti alitaka kisima cha kijiji kichimbwe jirani na nyumba yake. Mama mmoja alisimama akasema mwenyekiti amenena kweli kabisa, kisima hicho kitapata mtunzaji. "Na sisi sote," akaendelea, "tutapita uani kwake kila alfajiri, na ndoo zetu na punda wetu. Tunamshukuru mapema kwa uvumilivu huo." Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeomba eneo lingine litafutwe.

Mwenye viatu alicheka kwa sauti. Kicheko hicho kikamrudisha binti wa Binza. Nikamdai sharti letu.

"Umesema anayeanza kwa kukubali hajakubali," alisema. "Anatafuta mahali pa kusimama ili apinge."

Sikuwa nimewahi kuisikia hoja yangu ikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani, na haikuanguka. Wachache walimfuata, si wengi. Kengele ilipolia umati mkubwa ulikuwa bado wa kijana.

"Pole, mayu," alinifariji. "Dawa yangu kali."

"Ijumaa ijayo tena."

"Madam, hujachoka kupigwa?"

"Sijachoka."

Nilirudi uwanjani muhula mzima, na nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda. Kila Jumamosi nilikaa na tasnifu, nikatafuta ukurasa ambao msikilizaji angeanza kuondoka. Nikiupata niliufuta, au niliuandika upya. Usiku bado niliwaza kupita kiasi, lakini asubuhi niliandika.

Mwishoni mwa mwaka nilisimama tena mbele ya jopo, katika chumba kilekile. Profesa alivua miwani, akauliza swali lilelile kwa upole uleule. Nikamjibu kwa sentensi moja, kisha nikaanza kusimulia kisima.

Kabla sijafika kwenye punda, akainuka kitini. Alinipa mgongo, akatembea kuelekea ukutani, na mwili wangu ukatambua kinachotokea: umati unahama. Nikamgeukia mjumbe aliyekuwa karibu nami, nikaendelea kumweleza yeye, kwa sauti ileile, habari za ndoo na ua na alfajiri.

Profesa alifika ukutani, akazima feni.

"Endelea," alisema akirudi. "Nilikuwa sikusikii vizuri."

Sikuwa nimeacha.