Laza, Usikandamize

Mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete, msimu ambao Lumemo yote ilikuwa inanuka pumba. Habari hiyo nimeisimulia mara nyingi kwa watu wanaopenda kuuliza, na nimechoka nayo. Wasichouliza ni kwamba nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kigango chetu, na kwamba kidonda kilipopona, kwaya ilikuwa imeshanunua kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Nilipokwenda kuwasalimu walinipa pole na kiti cha mbele. Sikurudi tena.

Mke wangu alicheka aliposikia habari za kile kiti. Alikuwa mtu wa kucheka. Mwaka uliofuata akaanza kutokwa damu, tukazunguka hospitali, ikaja kujulikana kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshasambaa. Mwishowe daktari mmoja kijana, mpole kuliko nilivyotaka, alituambia hawatamlaza tena. Tukae naye nyumbani, tumpe dawa ya maumivu. Tulirudi kwa bajaji, yeye amejiegemeza kwangu, mimi nikiwatukana moyoni watu wote waliokuwa wazima barabarani.

Mama yake akaja kutoka upande wa Mahenge kumuuguza. Alishuka kwenye basi na kikapu cha ndizi na mzigo mrefu uliofungwa kwa kitenge. Nilidhani ni mkeka. Lilikuwa gitaa, lile linalopigwa likiwa limelazwa mapajani, nyuzi zake zimeinuliwa juu, na badala ya kubonyeza kwa vidole unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Alifundishwa na padri mmoja mzungu alipokuwa msichana akilelewa kwa masista, akalipiga mpaka alipoolewa. Mumewe hakutaka mwanamke mwenye gitaa mapajani. Likakaa darini miaka yote hiyo, na sasa vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, hata kijiko alikishika kwa shida.

"Mwanangu anasema anataka wimbo wenu," aliniambia huku akitazama ukuta. "Chuma hakihitaji vidole vitano."

Wimbo wetu niliutunga wakati namchumbia binti yake, ukapigwa harusini. Mke wangu alitaka kuusikia kutoka mkononi mwangu kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka, na hakuna aliyejua tumebakiwa na wiki ngapi.

Tabu ilikuwa moja. Mama mkwe wangu ni mtu wa desturi za zamani. Siku hizi kuna watu wanakula sahani moja na wakwe zao, yeye hapana. Hakai mkeka mmoja na mkwe wake, hamgusi mkono, hamtazami usoni. Kwa hiyo asingeweza kukaa karibu yangu na kuniwekea mkono panapotakiwa. Mimi nilikaa barazani, yeye chumbani kwa mgonjwa, katikati yetu ukuta wa tofali na dirisha la wavu, akanifundisha kwa kusikia tu. Nikikosea, aligonga beseni.

"Laza, usikandamize," alisema siku ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Mimi nilikuwa nimezoea gitaa la kawaida, basi nilikandamiza kama mtu anayeua kunguni. Uzi unagonga ubao, sauti inakufa. Beseni linalia. Neno lenyewe nikalichukia. Hospitali wamekataa kumlaza mke wangu, na huku mama yake ananiambia laza, laza. Siku moja nilikitupa kile chuma uani kwa hasira. Mke wangu akasema kutoka ndani, kwa sauti nyembamba: "Kaokote, mume wangu, kabla bata hajakimeza."

Nikaenda kuokota.

Kwenye gitaa la kawaida unabonyeza nyuma kidogo ya mstari, ule wa chuma unaokatiza shingo ya gitaa. Kwenye hili unaweka chuma juu ya mstari wenyewe. Ukibaki nyuma hata kidogo umekosea, na mtaa mzima unasikia. Nilipomweleza mama mkwe kwamba nipo kwenye mstari kabisa, alinijibu, "Usiniambie mkono uko wapi, baba, mimi siuoni. Imba kwanza, halafu peleka chuma kwenye sauti yako." Nilikuwa sijaimba tangu ajali. Niliona aibu kubwa, mtu mzima naimba wimbo wa kuchumbia mbele ya mama mzazi wa mchumba, lakini niliimba.

Kisha kulikuwa na kelele, mkwaruzo mbaya uliofuata kila nilipotelezesha. Akasema inatoka nyuma ya chuma, niburure kidole kidogo kinyamazishe nyuzi. Hicho mkanda ulikuwa umeniachia. Na nilipoanza kutikisa mkono ili sauti itetemeke vizuri kama wanavyofanya wapigaji, beseni liligongwa mara tatu. "Usitikise kabla hujafika. Unaficha. Fika kwanza, tulia, watu wasikie kwamba umefika." Nilikasirika sana, kwa sababu kweli nilikuwa naficha.

"Mama," mke wangu akauliza, "huyo ni mume wangu, au kuna paka amekanyagwa mkia?"

Wote wawili wakacheka mle ndani. Mimi nilinuna, na leo najuta kununa kule.

Masika yakashika. Mto ulijaa, njia ya Idete ikawa matope matupu, na mle chumbani dawa ikawa haimfikishi saa ya kumeza nyingine. Nakiri kwamba siku nyingine nilipiga ili nisimsikie akilia. Wimbo niliuweza karibu wote, isipokuwa pale katikati unapopanda kutoka sauti ya chini kwenda ya juu kwa mtelezo mmoja mrefu. Kila mara nilipitiliza au nilipungukiwa. Niliapa sitampigia wimbo wenye shimo katikati, kwa hiyo nilikuwa nausimamisha hapo hapo na kuanza upya. Ulikuwa ujinga wa fundi.

Asubuhi moja mvua ilikatika. Mama mkwe alikuwa ndani, namsikia akikamua kitambaa kwenye maji. Akasogea dirishani. "Leo piga wote," alisema. "Usisimame hata ukikosea."

Nikapiga. Nilikosea mara mbili mwanzoni na beseni halikulia. Nilipofika pale pa kupanda nikaimba kimoyomoyo, nikapeleka chuma, kikafika. Nikatulia, ndipo nikatikisa. Nilitabasamu peke yangu barazani kama mwendawazimu. Nilimaliza wimbo wote.

"Amesikia?" niliuliza.

Mama mkwe alitoka, akasimama mlangoni, akanitazama usoni. "Hakusikia, baba. Ametutoka kabla hujaanza."

Nilimfokea. Mama mkwe wangu, mtu niliyemwamkia kila asubuhi nikiwa nimeinama, nilimfokea mpaka jirani akaja uani. Kwa nini hakuniita? Dakika zile zilikuwa zangu. Alinisubiri nimalize kufoka.

"Ningekuita, usingeupiga tena maisha yako yote," alisema. "Na mimi nilikuwa nimekaa na mwanangu peke yangu. Nilitaka kuusikia."

Niliingia nikamshika mke wangu mkono. Ulikuwa bado una joto, na hilo mpaka leo sijui kama nimelisamehe. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, hajalia bado. Nilimtazama kwa muda. Kisha, kabla majirani hawajajaa, nilirudi barazani nikaupiga tena kuanzia mwanzo, safari hii nikijua ni nani anayenisikiliza.