Nyanya Isiyo na Mwenyewe

Nimenunua nyanya Kawangware, moja ikiwa bado na kikonyo na jani lake. Nimelisugua lile jani, harufu yake kali ikabaki vidoleni, na mara kumbukumbu ikanirudisha mtaa wa Makina, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga tulikoishi nikiwa mdogo.

Kando ya bafu, wanawake wote walimwaga maji ya vyombo, yenye makombo na mbegu. Siku moja mche wa nyanya ukachipuka pale. Hakuna aliyeupanda. Mama mmoja wa Kitui akauegemeza kwenye kijiti. Jirani yake wa kutoka kando ya ziwa, ambaye alikuwa hasemezani naye kwa sababu ya kugombania kamba ya kuanikia nguo, akaufunga kwa kipande cha leso. Bila kikao chochote, kila aliyepika alichuma moja tu, na wale wawili wakaanza kuchekeana.

Baba ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. "Kitu kama hiki lazima kiwe na mwenyewe," alisema. "Watoto watakimaliza." Akauzungushia mche waya, vizuri kabisa, akawa anaumwagilia maji safi ya kununua, kikombe kikombe.

Majirani hawakugomba. Walianza tu kumwaga maji yao mtaroni. Kamba ya nguo ikarudi kuwa vita. Mche ukanyauka na nyanya zake mbichi, na baba akabaki akiuliza, "Lakini si nimeulinda?"

Leo nimemaliza kuosha vyombo. Nimesimama mlangoni na beseni mkononi, natafuta pa kumwaga, na kote ni simiti.