Nilivyomkata Rehema pasi zake zote: vyuo viwili vya Marekani na point guard niliyekaa nyuma yake

Wakuu, salamu kutoka Dubai, ambako joto limetufungia ndani nami nimepata muda wa kukiri jambo.

Haya yamenitokea mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wanasoma humu na wanajua ninapokaa.

Nilisoma chuo kikuu Dar, enzi ambazo kikapu tulichezea kwenye saruji na ukianguka unaacha ngozi.

Point guard wetu aliitwa Chande. Kwa wasiofuatilia: point guard ndiye anayepandisha mpira na kuamua nani aupate, na wakati gani.

Chande alikuwa mfupi, viatu vyake vilishonwa na fundi wa mabegi. Hakufunga sana. Lakini ulikuwa ukikimbia, mpira unakukuta mahali ambapo wewe mwenyewe hukujua unaelekea.

Na saa ikisimamishwa, wenzake wakinywa maji, yeye alipita akinong'ona habari za wapinzani: huyu goti limechoka, yule akibanwa anakasirika, mbaneni.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mchezaji wake wa akiba. Miaka mitatu benchi.

Ila hapa Dubai nikisema "nilicheza point guard chuo kikuu," huwa naweka nukta hapo hapo.

Nukta hiyo ndiyo iliyonipa cheo cha mshauri.

Jirani yangu hapa International City ni Bakari, mtu wa Mombasa, msimamizi wa walinzi kwenye hoteli moja kule Marina. Binti yake, Rehema, alikuwa anamaliza shule, na ni point guard.

Wakuu, ni bora kuliko Chande. Imenichukua mwaka mzima kuandika sentensi hiyo.

Anatumia mikono yote miwili. Anafunga kutoka umbali ambao Chande angeomba nauli. Na bado anawaona wenzake wote. Timu yao ina Mfilipino, Msudani, Mhindi na Mlebanoni. Anawapanga kwa Kiingereza, kwa "yalla" ya Kiarabu na kwa vidole.

Sasa, vyuo vya Marekani vikimsaka mchezaji aliye mbali huanza na video. Bakari akanijia.

"Ndugu yangu, wewe msomi, na ulicheza. Mtengenezee mwana."

Nikafanya kazi wiki mbili. Nikakata kila pasi ya kawaida. Nikakata kila mahali saa iliposimama. Nikabakiza chenga na mitupo ya mbali, muziki juu.

Rehema akaitazama mpaka mwisho.

"Ami, huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mbona hana timu?"

Nikamjibu kwamba ndivyo makocha wa siku hizi wanavyotaka. Mimi huyu, ninayelalamika humu kila wiki kwamba point guard wa siku hizi hawapasi, nilimpata anayepasi nikamkata pasi zote.

Tatizo ni kwamba video ilifanya kazi.

Chuo kikubwa, ambacho fulana zake huvaliwa hata na wasiojua kikapu, kikajibu: ufadhili kamili, tunahitaji mfungaji.

Chuo kidogo, kwenye mji niliokuza ramani mara tatu ndipo nikauona, kocha wake mwanamke akajibu: "Nzuri. Sasa nitumie mechi nzima, moja mliyofungwa. Nataka kuona anafanya nini saa ikisimama."

Rehema akaituma bila kuniuliza. Siku mbili baadaye kocha akapiga simu, naye akampa nafasi kwa ufadhili kamili.

Majibu yalitakiwa kabla ya Jumatatu. Ijumaa baada ya swala tukakaa kwa Bakari, sinia la pilau katikati.

Rehema alikuwa amewauliza makocha wote swali moja: nani yuko mbele yangu?

Kule kwenye jina kubwa wako point guard watatu, wote wachanga. Yeye angehamishiwa pembeni, kazi yake kutupa tu. Kule kudogo yuko mmoja, anahitimu mwakani. Kocha alimwambia, "Mwaka wa kwanza utakaa nyuma yake ujifunze. Baada ya hapo timu ni yako."

Bakari akarudisha tonge kwenye sinia.

"Benchi? Mwana avuke bahari akakae benchi? Wallahi watanicheka mpaka Mombasa! Wale wengine wana jina."

"Baba, jina ni lao. Mpira hawatanipa."

"Ngoja wewe. Ndugu yangu, mwambie. Wewe ulicheza. Ungekubali benchi?"

Ningesema "hapana", ningebaki na cheo changu na Rehema angepelekwa kule wasikomhitaji.

"Nilikaa," nikasema. "Miaka mitatu. Sikuwahi kuanza mechi hata moja."

Mama Rehema akacheka mpaka akaziba uso kwa mtandio. "Na ile fainali unayotusimulia kila Idi?"

"Niliiona kwa karibu sana, shemeji."

Bakari hakucheka. "Umetudanganya miaka yote hii."

"Sikudanganya. Nilinyamaza."

"Ni yale yale."

Ni kweli, ni yale yale.

Nikamweleza kwamba benchi lenyewe halikuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba hakuna aliyeniambia zamu yangu ni lini, na Chande alibaki mpaka tukahitimu pamoja. Huyu kocha ametaja mwaka. Na kile chuo kikubwa kinamtaka mtu wa kwenye video yangu, mtu ambaye nilimtunga.

Rehema akaweka ile mechi nzima kwenye runinga.

Robo ya mwisho, saa imesimama. Yule Mlebanoni amekosa, anafuta macho. Rehema anamfuata, anamwambia neno. Mchezo unaanza, anampa yeye tena. Anakosa. Anampa tena. Anakosa. Wakafungwa.

"Kwa nini ulimpa tena?" Bakari akauliza.

"Alikuwa peke yake, Baba, hakuna aliyemkaba. Nafasi ilikuwa yake. Nisingempa, asingeomba mpira tena."

Bakari akanigeukia. "Na kipande hiki ulikikata?"

"Nilikikata."

"Msomi," akasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikunipendeza.

Akala tonge mbili tatu. Kisha akamwambia bintiye, "Hicho chuo kidogo kinaitwaje? Nifundishe kukitamka vizuri. Kesho nina zamu, na wenzangu kazini wataniuliza."

Alikitamka mara nne kabla hajatoka kwenda kunawa.

Nilichojifunza: sisi wa zamani tunawasifu point guard wetu kwa jinsi walivyowaona wenzao, halafu tunawapima wa leo kwa klipu zisizo na wenzao. Na mtoto akipata vyuo viwili, msiishie kwenye jina la chuo. Ulizeni nani yuko mbele yake, na anaondoka lini.

Kama mtoto wako anachagua sasa hivi, andika hapa chini anacheza nafasi gani, tumjadili kwa heshima. Na mliosoma na Chande, najua mko humu: bishaneni nami kuhusu Rehema, lakini kwanza mtazameni akicheza.