Majaribio, Mabao Mawili

Wattie Geddes alicheza winga ya kushoto miaka kumi na minne, na hakuna siku aliyocheza vizuri kama ile Jumamosi ambayo jina lake halikutokea popote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, klabu kubwa imemwita kumjaribu. Mvua inapiga, watu wanakula pai zao na kuulizana, huyu mtoto katokea wapi? Wataulizana mpaka wachoke. Desturi ya vilabu vya Scotland ilikuwa hiyo: mchezaji wa majaribio hatajwi, wengine wasije wakamnyakua. Gazeti likaandika, "Majaribio, mabao mawili."

Baba yake, mchimba makaa, akalipeleka gazeti mgodini. Wenzake wakamcheka mpaka basi.

"Kumbe mwanao anaitwa Majaribio! Alibatizwa kanisa gani huyo?"

Klabu haikumsajili. Hadi Wattie anapata timu ndogo na jina lake kuanza kuchapwa, mapafu yalikuwa yameshamwua mzee. Jambo hilo linamuuma Wattie mpaka kesho.

Mvi zimeshamtoka, sasa ni kocha wa vijana wa Kilbrae, klabu ndogo, akaletewa Rory Tennant kwa majaribio. Mguu wa kushoto wa yule mtoto, we acha tu! Bi Isa Purdie, katibu wa klabu, akamkuta Wattie anaandika orodha ya kupeleka gazetini.

"Jina usiliandike, Wattie. Hatujamsajili. Wale wa klabu kubwa wakilisoma, wanambeba."

"Mtoto ana jina lake, Isa."

"Na sisi tunashuka daraja. Au hilo hulioni?"

Aliliona vizuri sana. Akaandika: Rory Tennant.

Rory akafunga matatu, gazeti likamtaja, na Jumatano wakubwa wakaja kumsajili. Isa alinuna wiki nzima, hata chai akawa anajimiminia peke yake. Wattie hakumlaumu. Aliona ametuliza kidonda chake mwenyewe kwa hasara ya timu ya watu, na aibu ilimshika.

Jumamosi akaja mzee mmoja uwanjani, kila hatua tatu anasimama kuvuta pumzi. Alikuwa babu yake Rory, mchimba makaa wa zamani. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilicholegea kwa kukunjuliwa.

"Kocha, hii umeiona? Huyu hapa ni mjukuu wangu."

Machozi yakamlenga Wattie.

"Sijaiona, mzee wangu," akasema. "Hebu nisomee."